Kinanda cha Jon Lord Ndani ya Machine Head

Mara ya kwanza kuisikia albamu ya Machine Head ya Deep Purple, kundi la roki la Uingereza, nilikuwa na umri wa miaka 13, nyumbani kwetu Lushoto, mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Usambara unapoingia hadi sebuleni na kila mtu anatafuta sababu ya kukaa karibu na jiko la mkaa. Kanda aliileta baba mdogo, aliyekuwa baharia, ambaye kila meli yake ilipotia nanga Tanga alipanda mlimani kutusalimia akiwa na mfuko wa vitu vya mbali: sabuni, soksi, nyembe, na safari hiyo kanda tatu. Mbili zilikuwa za rumba. Ya tatu haikuwa na jalada wala orodha ya nyimbo, ila kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono jina la kundi na mwaka 1972, na wino wenyewe ulikuwa umeshaanza kufifia.

Niliitia kwenye redio kaseti upande wa pili bila kujua kuwa ndio upande wa pili. Wimbo wa kwanza ulipita nikiwa bado naizoea sauti nzito ya gitaa. Kisha ukaja wimbo unaoanza kwa kinanda peke yake, bila ngoma, bila besi, bila mtu wa kuimba. Sauti iliyokwaruza kama ya mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito, ikapanda, ikatulia, ikarudi ikiwa imevimba zaidi. Kule barazani cherehani ya baba ikanyamaza.

Baba alikuwa fundi cherehani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili alikuwa mpiga kinanda wa usharika wetu, kwa hiyo siku zote saba miguu yake ilikuwa inakanyaga kitu. Kinanda cha kanisani kilikuwa kile cha kukanyaga, kinachopata pumzi kutoka kwenye mifuko ya hewa iliyomo ndani yake, na alikijua kama alivyoijua cherehani yake: kibonye gani kinakwama siku za mvua, noti gani inachelewa kuitika. Alisimama mlangoni, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akasikiliza mpaka ngoma zikaingia.

"Huyo amekalia kinanda tangu utoto," alisema. "Irudishe nyuma, mwanangu."

Niliirudisha mara tatu, mpaka betri zikaanza kuchoka na muziki ukawa unashuka na kujiburuta. Ikabidi kesho yake, jua lilipotokeza, tuzianike zile betri uani ndipo tuusikie wimbo hadi mwisho.

Wimbo ule unaitwa Lazy, na aliyekuwa kwenye kinanda ni Jon Lord, Mwingereza aliyezaliwa Leicester tarehe 9 Juni 1941. Tangu siku ile nimeisikiliza albamu hii kwenye kanda, kwenye CD, na baadaye kwenye santuri niliyoinunua ikiwa na mikwaruzo, na katika miaka yote hiyo nimekutana na watu wengi wanaoijua kwa kipande kimoja tu cha gitaa, kile ambacho karibu kila kijana anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza hujaribu kukipiga. Siwalaumu, kwa maana kipande chenyewe ni kizuri. Lakini naamini kwa dhati kwamba uzito wa albamu hii, ule unaoifanya ihesabiwe miongoni mwa misingi ya roki nzito, umekaa kwenye kinanda kuliko watu wanavyodhani, na anayetaka kuuona ubora wake hana budi kuisikiliza walau mara moja huku sikio lake likimfuata Lord peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Inafaa kwanza kukieleza chombo chenyewe, kwa kuwa wengi wetu tukisikia neno kinanda tunaona akilini ama kile cha kanisani cha kukanyaga, ama kile chepesi cha umeme ambacho mtu mmoja hukibeba kwapani kwenda nacho kwenye harusi. Kinanda cha Hammond si hiki wala kile. Kilibuniwa Marekani na Laurens Hammond na kuanza kuuzwa mwaka 1935, na Lord alipiga aina iitwayo C3, ambayo ndani yake ni sawa na ile B3 mashuhuri, tofauti ikiwa ni kasha lililofunikwa pande zote kwa mbao kama inavyofaa kanisani. Pamoja na benchi na pedali zake kinakaribia kilo 200. Ndani yake mna mota ya umeme inayozungusha magurudumu madogo ya chuma 91, kila moja likiwa na meno yake kwenye ukingo na kila moja likizunguka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Meno yanapopita mbele ya sumaku huzaa mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ndio noti. Hakuna pumzi, hakuna filimbi, hakuna nyuzi. Juu ya vibonye kuna vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila seti, na mpigaji huchanganya sauti kwa kuvivuta na kuvirudisha, kama mpishi anavyopima viungo kwa kiganja badala ya kijiko.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, nilipata bahati ya kukaa mbele ya kimoja. Kwaya ya usharika wetu ilialikwa na kanisa rafiki nchini Ujerumani, na katika ukumbi wa kanisa hilo kulikuwa na Hammond kuukuu ambayo mzee mmoja wa pale alikuwa akiitunza. Alinionyesha kwamba hakiwashwi kwa swichi moja. Unashikilia swichi ya kwanza kwa sekunde kama nane huku ukiyasikia magurudumu yakipata mwendo kwa mvumo wa chini, kisha unaongeza ya pili, unangoja kidogo, ndipo unaiachia ile ya kwanza. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umefunguliwa, na pakatoka harufu niliyoijua tangu utoto: mafuta ya mashine. Kumbe kinatiwa mafuta kila mwaka kupitia vikombe vidogo vilivyomo ndani, na mafuta hayo hupanda kwenye nyuzi nyembamba za pamba hadi kwenye kila kizungushio. Nilipomweleza baba kwa simu kwamba kinanda alichokisifu miaka ile hutiwa mafuta kama cherehani, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama nami niliruhusiwa kukitia.

Kwa kawaida Hammond hutolewa sauti kupitia spika iitwayo Leslie, kasha kubwa la mbao ambalo ndani yake pembe ya juu na pipa la chini huzunguka, na sauti ikawa inakaribia na kuondoka, inatetemeka kama mtu anayeimba kwa hisia. Ndiyo sauti iliyozoeleka kwenye makanisa ya Wamarekani weusi na kwenye jazi ya Jimmy Smith, mpiga Hammond ambaye Lord alimpenda sana. Lord naye alianza hivyo. Lakini ndani ya Deep Purple alikuwa amesimama karibu na Ritchie Blackmore, mpiga gitaa la solo ambaye sauti yake ilikuwa kubwa na yenye kukwaruza, na kinanda kilichotoka kwa upole kilikuwa kinamezwa. Akafanya jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa katika muziki wa Bach, mtunzi wa kale wa Kijerumani, lilikuwa sawa na kuvuka mto bila kujua kina chake: akakichomeka kinanda kwenye amplifaya za Marshall, zile za gitaa, zenye taa za kioo zinazopata moto ndani yake, akaziongeza sauti hadi zikaanza kulemewa na kuikwaruza kila noti inayopita.

Hapa ndipo penye siri nzima. Uzi wa gitaa ukishapigwa huanza kufa papo hapo. Hata ukiusaidia kwa amplifaya, noti yake inafifia. Noti ya Hammond haifi mpaka kidole kiinuliwe. Ukiikwaruza noti ya namna hiyo kwa amplifaya ya gitaa, unapata sauti yenye makali ya gitaa na uvumilivu wa kinanda cha kanisani, sauti inayoweza kusimama chini ya muziki kama msingi wa mawe chini ya ukuta. Kuna pia ule mlio mdogo unaosikika kibonye kinapoguswa, "tk", kama ukucha kwenye meza, ambao watengenezaji waliuona kuwa kasoro na ambao wapigaji waliupenda. Kwenye Machine Head mlio huo ndio unaokifanya kinanda kigonge kama ngoma. Na kwa kuwa kubonyeza kwa nguvu au kwa upole hakubadilishi ukubwa wa sauti katika Hammond, mpigaji hana pa kuiweka hisia yake isipokuwa kwenye wakati anaobonyeza, wakati anaoachia, na mguu wake wa kulia ulio kwenye pedali ya sauti. Baba aliutambua mguu ule kupitia redio kaseti yenye spika moja. Mimi ilinichukua miaka.

Machine Head haikuzuka kutoka hewani. Kundi lilianza mwaka 1968 likiwa na mwimbaji mwingine na mpiga besi mwingine, na mwaka 1969 wakaingia Ian Gillan kwa uimbaji na Roger Glover kwa besi, wakaungana na Lord, Blackmore na Ian Paice aliyekuwa kwenye ngoma. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo walipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London tungo ndefu ya Lord ya kundi la roki na okestra, wakiwa na Royal Philharmonic Orchestra chini ya uongozaji wa Malcolm Arnold. Watu wakaanza kuwaona kama kundi linalotembea na okestra, na Blackmore hakutaka kabisa sifa hiyo. Akadai albamu inayofuata iwe ya roki tupu. Hiyo ndiyo In Rock ya mwaka 1970, yenye wimbo wa Child in Time ambamo kinanda kinaanza taratibu, kwa upole wa kanisa tupu siku ya Jumatatu, kabla ya mambo kugeuka kuwa moto. Naiheshimu sana In Rock. Hata hivyo humo Lord na Blackmore bado wanashindana, na mara nyingine unasikia wawili wanaogombea mlango mmoja. Katika Machine Head wameshajua kupita pamoja.

Namna ilivyorekodiwa imesimuliwa mara nyingi, tena imesimuliwa ndani ya albamu yenyewe, kwa hiyo nitaipita haraka. Mapema Desemba 1971 kundi lilifika Montreux, Uswisi, kando ya Ziwa Geneva, likiwa limekodi studio ya gari la kundi la Rolling Stones ili kurekodi ndani ya kasino ya mji. Tarehe 4 Desemba, kabla hawajaanza, mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa alikuwa akitumbuiza humo na mtu mmoja kati ya watazamaji akafyatua fataki ya ishara kuelekea darini. Jengo likateketea. Hakuna aliyepoteza maisha, na Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la jazi la Montreux, alisaidia kuwatoa vijana nje. Kundi likauona moshi ukitanda juu ya ziwa, na hapo likazaliwa jina la wimbo wa Smoke on the Water. Wakahamia kwenye ukumbi uitwao Pavillon, wakafanikiwa kurekodi msingi wa wimbo huo tu, kisha majirani wakalalamikia kelele na polisi wakafika. Mwishowe wakaingia Grand Hotel, hoteli iliyofungwa kwa ajili ya baridi, wakapanga vyombo kwenye korido na kuziba mwangwi kwa magodoro. Gari la kurekodia lilikuwa nje kwenye theluji, na njia ya kulifikia ilipita vyumbani na kwenye roshani hata wakachoka kwenda kusikiliza walichokipiga. Fundi mitambo Martin Birch akiridhika, nao waliridhika. Kufikia tarehe 21 Desemba walikuwa wamemaliza. Albamu ikatoka Machi 1972, ikafika namba moja Uingereza.

Jambo moja la Grand Hotel ningependa lisipite. Watu wasiokwenda kusikiliza walichorekodi baada ya kila kipande hulazimika kusikilizana wakati wanapiga. Naona hili linasikika. Hakuna mahali katika dakika 37 hivi za albamu hii ambapo kinanda kinajaza nafasi kwa sababu tu nafasi ipo. Lord anaponyamaza, ananyamaza kwa kuwa amemsikia mwenzake akianza kusema.

Tuanze na Highway Star, inayofungua upande wa kwanza. Wimbo unaanza kwa mapigo ya haraka yanayorudia noti ileile, kama gari linalopashwa moto, hadi Gillan anapopaza sauti na wote kuondoka kwa pamoja. Beti mbili zinapita. Kisha, kabla ya gitaa kupata zamu yake, ni kinanda kinachotangulia. Solo ya Lord hapa ndiyo iliyomfanya baba, siku tulipougeuza upande wa kanda, aweke mkasi chini. Mpangilio wa kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, unaopita chini ya solo hizi umetoka kwa Bach, na Blackmore mwenyewe amewahi kueleza hivyo. Kwa mtu aliyekuwa akipiga tenzi za Kijerumani zilizotafsiriwa Kiswahili kila Jumapili, hatua zile hazikuwa ngeni hata kidogo. Zilikuwa njia ya kwenda shambani, aliyoipita maelfu ya mara, isipokuwa sasa mtu alikuwa anaipita mbio. Lord hapigi noti nyingi ili kuonyesha wepesi wa vidole. Anachukua umbo fupi, analihamisha kufuata kodi, analishusha ngazi moja, analishusha nyingine, na kila kodi inapobadilika unasikia kwamba ilikuwa imeahidiwa tangu mwanzo. Blackmore anapokuja na solo yake baada ya ubeti wa tatu, solo aliyoiandaa mapema kwa makini, anajenga juu ya ardhi ambayo kinanda kimekwisha kuisawazisha. Jaribu kuisikiliza solo ya gitaa peke yake, ukiruka ya kinanda, utaona jinsi inavyopungua.

Maybe I'm a Leo ni wimbo wa mwendo wa kutembea ambao naupenda bila kuwa na mengi ya kuuzungumzia. Pictures of Home unafunguliwa na ngoma za Paice, na humo hata besi ya Glover inapewa nafasi ya kusimama mbele. Kinanda kinatanda nyuma yake kama baridi ya milima iliyowazunguka wakati ule, na ndani yake Lord anapata pumzi yake nzuri. Never Before ndio waliouamini na kuutoa kama singo. Ni wimbo mzuri, lakini ndio pekee katika albamu ambao naweza kuukosa bila kuhuzunika, pengine kwa sababu ndio unaomhitaji Lord kwa kiasi kidogo zaidi.

Kisha tunageuza upande, na hapo ipo Smoke on the Water.

Kipande kile cha gitaa kinajulikana kiasi kwamba masikio ya wengi yanaacha kusikiliza mara tu kinapoanza, wakidhani wameshakijua. Naomba ukisikilize polepole. Blackmore anakianza peke yake, noti mbilimbili kwa pamoja, akizivuta nyuzi kwa vidole. Baadaye Paice anaingia kwa sahani za ngoma, na pamoja naye anaingia Lord, kinanda chake kikiwa kimekwaruzwa na Marshall kiasi kwamba mtu asiyeambiwa hawezi kujua kuwa kuna kinanda. Anapiga kilekile anachopiga gitaa. Hakuna pambo, hakuna sauti ya pili. Gitaa linaota kifua, basi. Kila noti ambayo gitaa inaiacha ianze kufa, kinanda kinaibeba hadi noti inayofuata, na ile nafasi kati ya noti na noti, ambayo kwenye gitaa peke yake ingekuwa tupu, inajaa uzito. Halafu ngoma zote, halafu besi. Nimewahi kukaa na vijana wawili hodari wa magitaa waliokuwa wakilalamika kwamba kila wakikipiga kipande hiki kinatoka chembamba, ilhali amplifaya zao zilikuwa na nguvu kuliko za Blackmore. Niliwawekea santuri na kuwaambia wamtafute Lord. Mmoja alipompata alisogea hadi karibu kabisa na spika, akabaki ameinama hapo mpaka ubeti wa kwanza ukaisha.

Hii ndiyo heshima ninayomtolea Lord kuliko nyingine zote. Mtu aliyeandika tungo ya okestra nzima, aliyeweza kupiga chochote alichotaka, alikubali katika wimbo mashuhuri kuliko zote alizowahi kushiriki kuwa kivuli cha gitaa, akijua kwamba wengi hawatamtambua, kwa sababu hicho ndicho wimbo ulichohitaji.

Na baada tu ya wimbo huo inakuja Lazy, kana kwamba wenzake wamesema: sasa zamu yako. Kinanda kinafungua peke yake, kama nilivyoeleza, kikiwa na mkwaruzo wote wa Marshall, na Lord anajinyoosha ndani yake, anatafuta, anaonja, kisha anajikusanya na kuingia kwenye mwendo wa bluzi unaobembea, ngoma zikimfuata kwa wepesi wa jazi. Gitaa linaingia, wanapokezana, na dakika kadhaa zinapita kabla Gillan hajaimba neno hata moja. Akishaimba, anachukua na harmonika. Hapa unamsikia Lord kama mtoto wa nyumba mbili: mkono mmoja umelelewa na Bach, mwingine na Jimmy Smith, na amplifaya ya roki ndiyo paa lililowafunika wote. Ingekuwa lazima nichague wimbo mmoja wa kumwekea mtu asiyejua kabisa roki nzito, hasa aliyezoea kinanda cha taarabu au cha kwaya, ningemwekea huu, kwa kuwa utamwonyesha chombo anachokijua kikiwa kimekwenda mbali bila kusahau kwao.

Space Truckin' unafunga albamu, na humo kinanda hakijifichi tena. Kinasukuma kipande kikuu kwa ukali ambao ukiusikia kwa mara ya kwanza utaapa ni gitaa. Agosti mwaka huohuo wa 1972 walirekodiwa jukwaani Osaka na Tokyo kwa ajili ya albamu ya Made in Japan, na wimbo huu ukarefushwa hadi karibu dakika 20. Wapo wanaoshikilia kwamba toleo hilo la jukwaani ndilo la kweli. Nimelisikiliza kwa furaha kubwa, lakini narudi kwenye lile fupi la Montreux, la dakika nne na nusu hivi, kwa sababu humo Lord anasema yote na kuinuka kitini.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba kinanda ndicho kinachoufanya muziki huu uonekane wa kale, kwamba makundi yaliyokuja baadaye yaliuboresha kwa kukiondoa na kuweka gitaa la pili. Siwezi kukubaliana na hilo. Gitaa la pili huongeza kile ambacho la kwanza tayari linacho. Kinanda kinaleta kile ambacho gitaa halina, yaani noti isiyokufa, na kinaileta pamoja na kumbukumbu yote ya mahali kilikotoka, ya makanisa, ya mazishi na ya ibada za alfajiri, hata kama waliokuwa kwenye korido ile ya hoteli hawakuwa na nia ya kuhubiri. Mtu aliyekulia kanisani anaisikia kumbukumbu hiyo bila kuelezwa. Nafikiri ndiyo maana baba, ambaye hakuwahi kununua kanda ya muziki wa dunia maishani mwake, hakuona ndani ya kanda ile jambo la kumkanya mtoto.

Lord aliondoka Deep Purple mwaka 2002 ili ajikite katika utunzi wa muziki wa okestra, na nafasi yake ikachukuliwa na Don Airey. Alifariki tarehe 16 Julai 2012. Nilikuwa Lushoto wiki hiyo, na nilipomweleza baba habari zile aliuliza umri wake. Nikamwambia, miaka 71. "Tumepishana mwaka mmoja," alisema, kisha akarudi kwenye suruali aliyokuwa akiipindia.

Miaka michache baada ya hapo, alipokuwa ameshaacha cherehani na kinanda cha usharika kimeshapata mpigaji mwingine, nilimletea albamu nzima kwenye simu yangu pamoja na spika za masikioni zilizo nzuri. Hakuwa amewahi kuisikia kwa sauti safi wala kwa masikio mawili. Alikaa barazani amefumba macho, na miguu yake ilikuwa inakanyaga taratibu sakafuni, wa kulia, wa kushoto, kama aliyeko kwenye kinanda chake. Hakusema neno upande wote wa kwanza. Smoke on the Water ulipofika mwishoni aliinua kidole, akakiweka hewani mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Hapo mwisho hajamaliza," alisema. "Kinanda bado kinaongea, wao ndio wamepunguza sauti."

Nikamwambia ni kweli, wimbo umeachwa ufifie Lord akiwa anaendelea kupiga.

"Irudishe kidogo," akasema, akizibana vizuri spika masikioni kwa vidole vyake viwili. "Na uongeze sauti pale wanapoipunguza."